Barakoa Zilizopigwa Pasi

Baba alinyoa ndevu zake siku ya Alhamisi, siku mbili kabla wageni wa posa ya dada hawajafika, na alizinyoa kwa sababu yangu. Nilikuwa nimemwonyesha kwenye simu mchoro wa uso wa mtu aliyevaa barakoa, na mishale myekundu ikionyesha hewa inavyopenya pembeni pale ambapo nywele zinaizuia barakoa isigandamane na ngozi. Aliutazama muda mrefu, simu ameishika mbali na macho, kama kawaida yake asipotaka kukiri kwamba anahitaji miwani.

"Kwa hiyo hizi ndevu ni mlango," alisema.

"Ni mlango, baba."

"Na huyo mdudu wa mafua anaujua."

"Hajui kitu. Anapita tu palipo wazi."

Akacheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi, kama vilivyoishia vicheko vyake vyote mwaka ule. Kisha akamwita mama amletee wembe na kioo. Mama alivileta, akaviweka mezani, akaondoka. Sikuwahi kumwona baba bila ndevu. Alipotoka uani kidevu chake kilikuwa cheupe kuliko uso wote, na kidogo kuliko nilivyodhani. Aliniuliza kama sasa nimeridhika. Nilisema ndiyo. Niliridhika kweli, na hilo ndilo linalonikera nikikumbuka.

Mafua yenyewe yalianza kama ya kila mwaka. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya asubuhi inauma, na upepo ulikuwa unaokota vumbi la mtaa wetu wa Makole na kulirudisha sebuleni kila mama alipomaliza kufagia. Watu walipiga chafya na kutukana upepo. Kisha wakaanza kulala vitandani. Kule Mtumba, kwenye ofisi niliyokuwa na mkataba wa miezi sita wa kuingiza takwimu, meza zilibaki tupu moja baada ya nyingine, na waliorudi walirudi mashavu yamebonyea, wakipanda ngazi kwa kupumzika katikati. Walikuwa vijana wenye mapafu mazima. Nilikuwa nawatazama wanavyohema na kumfikiria baba.

Baba alipasua mawe kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza kwa nyundo, baadaye kwenye mashine ya kusaga kokoto, na muda wote huo kinga yake ilikuwa kipande cha kanga kuukuu ya mama alichojifunga puani. Daktari alikuwa ametuonyesha picha ya kifua chake. Alisema yale makovu hayafutiki, na kwamba mzee akipata homa kali ya mafua asitarajie kupona kama wengine wanavyopona. Nilimuuliza uwezekano ni kiasi gani. Akaniangalia kama niliyemuuliza mvua itanyesha saa ngapi. "Mkingeni tu," alisema, akaita mgonjwa mwingine.

Basi nikaamua kumkinga. Mimi ni mtu wa kuuliza, na nyumbani wamekwisha kuchoka nami. Nilikuwa nimebishana na mama kuhusu tangawizi na malimao, nikabishana na jirani kuhusu kujifukiza majani, nikabishana na dada kuhusu ujumbe aliotumiwa na walimu wenzake uliosema maji ya moto yanausukuma ugonjwa tumboni ukafie huko. Kila mara nilitaka kujua nani kasema, kaonaje, kapimaje. Barakoa zile nzito, zile za kuchuja hewa ambazo madaktari huvaa na kutupa, ndizo kitu cha kwanza kwa muda mrefu nilichokihoji na kikanijibu. Nilisoma juu yake wiki nzima. Niliziamini kwa sababu zilikuwa zimepimwa.

Nilinunua kisanduku kimoja kwenye duka la dawa la mjini. Zilikuwa ishirini, zimekunjwa bapa, kila moja ndani ya kifuko chake. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiingereza, kwa herufi ndogo kiasi kwamba hata mimi niliipiga picha na kuikuza ndipo nikaisoma. Jioni ile niliwakalisha wote watatu sebuleni, baba, mama na dada yangu mkubwa, ambaye anafundisha shule ya msingi Hombolo na alikuwa amekuja kwa ajili ya maandalizi. Niliwafundisha kushika kamba, kubana kile kiwaya cha puani kwa vidole vya mikono yote miwili, kupuliza ili kusikia kama hewa inatoroka.

"Mwalimu, mtihani lini?" dada aliuliza.

"Wewe umeshafeli. Pua yako iko nje."

Mama hakucheka. Alijaribu mara tatu mpaka akaweza, kwa umakini ule anaouweka kwenye kila kitu kinachohusu afya ya mume wake.

Kisanduku kimoja kisingetosha kwa kutupa kila siku, kwa hiyo nilipanga zamu. Kila barakoa iliyovaliwa iliingia kwenye mfuko wa karatasi, mfuko ukatundikwa kwenye msumari ukutani, ukaandikwa siku. Ikikaa siku kadhaa bila kuguswa inaweza kuvaliwa tena. Mama aliukodolea macho ukuta ule.

"Kitu kimekaa mdomoni kutwa nzima, halafu kinatundikwa bila kufuliwa?"

"Vijidudu vinakufa vyenyewe, mama. Hakuna haja ya kufua."

Hayo ndiyo maneno yangu, na nimeyarudia kichwani mara nyingi. Nilisema hakuna haja. Mtu anayeambiwa hakuna haja ya kufua anaelewa kwamba akifua ataongeza usafi. Nilizungumza karibu saa nzima kuhusu ndevu, waya, kamba na pembe za mashavu, lakini sikusema kwamba maji na sabuni vinaziua. Nilikuwa nimelisoma. Halikunijia tu kwamba kuna mtu angetaka kuzifua.

Suala lililobaki lilikuwa posa. Upande wa mwanaume walikuwa Warangi wenzetu wa milimani huko Kondoa, watu wa dini na wa taratibu. Barua yao ilikuwa imeshajibiwa, na ziara yenyewe ilikuwa imeshaahirishwa mara moja kwa sababu ya msiba upande wao. Kuahirisha mara ya pili, tena safari hii kutoka upande wetu, kungesomeka kama jibu. Nilipendekeza wazungumze kwa simu.

"Posa kwa simu?" baba alisema. "Kwani ananunua bando?"

Nikapendekeza baba mdogo akae mahali pake, yeye abaki chumbani mlango umefungwa. Hapo hakufanya mzaha.

"Niko hai, nimelala humo ndani, halafu mdogo wangu ndiye anaulizwa binti yangu? Watadhani nimegoma, au nimeshakufa mnanificha. Hapana, mwanangu. Nipe masharti mengine."

Nikampa masharti mengine, naye akayakubali yote. Madirisha yawe wazi. Wageni wakae upande wa mlango. Mazungumzo yawe mafupi. Kila mtu avae barakoa, wageni pia. Naye anyoe ndevu. Niliyapata yote, nikajiona nimeshinda. Ni mama peke yake aliyebaki na swali.

"Wageni watapewa zipi? Hizi zako za kwenye misumari?"

"Watapewa mpya. Ziko kumi na tano."

"Na baba yako?"

"Baba ana yake, ameivaa mara mbili tu, bado nzima."

Akarudi jikoni. Nilidhani amekubali.

Jumamosi maji yalitoka alfajiri. Mtaani kwetu maji huja kwa mgao, na siku yanapotoka kila nyumba inaamka na ndoo, kwa hiyo sikushangaa kusikia mama uani kabla sijatoka kitandani. Baada ya chai mimi na dada tulikwenda sokoni kutafuta nyama, ndizi na vitu vya mwisho. Tulirudi karibu saa tatu.

Nilichokiona kwanza ni kamba ya nguo. Kati ya vitambaa vya makochi na taulo mbili, barakoa tatu za mwisho zilikuwa zinapigwa na upepo, zimebanwa kwa vibanio kwenye kamba zake za masikio. Upepo wa Dodoma hukausha kitu kabla hujageuka. Nyingine zote zilikuwa zimeshaingia ndani. Mama alikuwa amekaa sebuleni na pasi ya mkaa, ameweka kipande cha kanga yenye unyevunyevu juu ya barakoa ili isiungue, anabonyeza, anainua, anatazama. Pembeni yake palikuwa na sinia lenye kitambaa cha kufuma, na juu yake barakoa zilikuwa zimepangwa kwa duara, ncha moja juu ya nyingine, kama chapati za wageni. Zilinukia marashi.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimefua."

"Zote?"

"Zote. Mpya na zilizovaliwa. Ulitaka mshenga apewe nyeupe pe, halafu baba yako akae mbele yake na kitu kimechakaa? Angejisikiaje, mgeni wa watu? Sasa zote sawa, hakuna wa kujua ipi ni ipi."

"Lakini hata mpya?"

"Mpya ina harufu ya dukani. Wewe ulipokuwa mchanga hukuvalishwa hata kofia kabla sijaifua." Akainua moja, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Maji ya moto na sabuni ya unga. Angalia ilivyotakata."

Kidato cha pili tulikuwa tunasugua kalamu za plastiki kwenye nywele, tunazisogeza karibu na vipande vya karatasi, na vipande vinarukia kalamu. Barakoa zile zinafanya kazi kwa namna hiyohiyo. Nyuzi zake zina chaji inayonasa chembe ndogo zinazoweza kupenya matundu. Chaji haionekani. Ukizifua kwa maji ya moto na sabuni, kisha ukazipiga pasi, zinabaki nyeupe, zimenyooka, na hazina kitu. Au zimebaki na kidogo. Au na nusu. Nilisimama nikiwa na mfuko wa ndizi mkononi na sikuweza kupata sentensi ya kumwambia mwanamke aliyeamka alfajiri kwa ajili ya kazi ile.

Dada alinitazama usoni akaniburuta uani. Nilimweleza kwa kunong'ona.

"Kanunue nyingine," alisema. "Kimbia. Mimi nitasema umesahau nazi."

Nilipanda bodaboda. Duka nililonunua kile kisanduku walisema ziliisha Jumatano. La pili walikuwa hawajawahi kuwa nazo. La tatu, msichana wa kaunta alishuka chini ya meza, akapekua, akainuka na pakiti ya barakoa nyembamba za watoto, zenye picha za katuni.

"Zimebaki hizi tu, dada. Za simba na za twiga."

"Za watu wazima?"

"Watu wazima wamemaliza."

Nilipiga simu nyumbani. Dada alisema wageni wameshashuka stendi.

Baba alikuwa chumbani anavaa kanzu. Nilifunga mlango nikamweleza yote, haraka, nikimwonyesha moja niliyoiokota kwenye sinia. Aliichukua, akaiinua juu kuelekea dirishani.

"Inaonekana nzima."

"Hilo ndilo tatizo, baba."

"Unaweza kunipimia imebaki na nguvu kiasi gani?"

"Siwezi. Mji mzima huu sijui nani anaweza."

"Basi hujui kama imeharibika."

"Baba, tafadhali."

"Nakuuliza tu. Si ndivyo unavyotuuliza sisi?" Hakusema kwa ubaya. Alinyoosha kola ya kanzu. "Mama yako umemwambia?"

"Bado."

"Usimwambie leo. Leo ni siku yake."

Kisha akaivaa. Alishika kamba, akabana waya wa puani kwa vidole vya mikono yote miwili, akapuliza na kusikiliza, kila hatua kama nilivyofundisha. Ilimkaa. Kwenye kile kidevu kipya hapakuwa na upenyo wowote, kote ilikuwa imegandamana na ngozi. Sijawahi kuona barakoa imemkaa mtu vizuri vile. Nilimwomba abaki chumbani. Nilimwomba kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia kwake tangu nikiwa mtoto. Alinishika bega, akanipita.

Wageni walikuwa sita, wakiongozwa na mshenga, mzee mwembamba mrefu mwenye kofia ya kazi nzuri na fimbo. Alipoingia alisimama mlangoni akamtazama baba juu hadi chini.

"Tumeambiwa tunakuja kuchumbia binti. Kumbe na bwana harusi mwingine yupo ndani ya nyumba!"

Sebule nzima ikacheka.

"Ndevu umempa nani, mzee mwenzangu?"

"Nimewanyolea ninyi," baba alisema nyuma ya barakoa. "Mkinikatalia nazidai."

Mama akapita na sinia. Aliinama mbele ya kila mgeni, nao wakachukua barakoa mmoja mmoja kwa mkono wa kulia, kama wanaochukua tende. Mmoja aliinusa. "Mashallah, nyumba hii hata barakoa zinanukia." Mama alitabasamu kwa macho. Tangu tuanze kuzivaa sikuwa nimemwona na furaha ile. Mimi nilikuwa kwenye korido, nyuma ya pazia la kanga, nimeshika birika la kahawa, na nilitazama sakafu.

Walivaa wote. Hilo lazima niliseme, maana nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Walikuwa watu waungwana, wakavaa vibaya lakini wakavaa. Salamu zikapita, habari za njiani, za mashamba, za msiba wao. Nilianza kuhesabu dakika. Halafu ukafika wakati wa maneno yenyewe, na mshenga akaishusha barakoa yake mpaka kidevuni.

"Mtanisamehe," alisema. "Haya hayasemwi mdomo umefunikwa. Atakayesikia nje atadhani nimekuja kuiba."

Wakacheka tena. Akakohoa mara mbili, kikohozi kikavu, kwenye kiganja. "Vumbi la njia," alisema. "Limetufuata tangu Kondoa." Kisha akasema maneno ya posa, taratibu, kwa Kiswahili na kidogo kwa Kirangi, uso wake wazi, sauti yake nzuri. Alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwa baba. Nilikuwa nimepima kwa hatua mwenyewe nilipopanga viti.

Nilijua kitakachofuata kabla hakijatokea. Mwanaume akikusemea uso wazi, naye ameomba binti yako, huwezi kumjibu kutoka nyuma ya kitambaa. Hakuna aliyemwambia baba hivyo. Niliuona mkono wake ukipanda kuelekea sikioni. Nilisogeza pazia nikatikisa kichwa. Aliniona. Nina hakika aliniona, kwa sababu mkono ulisimama. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kuangusha birika. Nilifikiria birika kweli, nikafikiria sakafu, vipande vya vikombe, wanawake kuja na matambara, na baada ya yote hayo baba akiishusha barakoa vilevile. Akaishusha. Akasema alichotakiwa kusema. Haikuchukua muda wa kumaliza kikombe kimoja cha kahawa. Baadaye wakainua mikono kuomba dua, wakapeana mikono, na kule ndani dada akaanza kulia kwa namna ambayo maharusi hulia.

Jumatano homa ilimpanda. Ijumaa midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, tukampeleka hospitali.

Wodini waliruhusu mtu mmoja tu kuingia kwa zamu, kwa hiyo mimi na mama tulikaa kwenye benchi la nje, chini ya ukuta, tukipokezana. Alipokuwa ndani yeye, mimi nilifanya kile ninachokijua. Nilitafuta sababu. Mshenga? Dada alimpigia mchumba wake akauliza kwa ujanja. Mzee yuko shambani, hana hata mafua, alichoka tu na safari. Kwa hiyo kikohozi kile huenda kilikuwa vumbi kweli. Wageni wengine? Watatu walikuwa wazima, wawili hatukupata habari zao. Dada mwenyewe alikuwa ametoka kwenye darasa lililojaa watoto wanaokohoa. Na mimi? Nilikuwa nikipanda gari kwenda Mtumba kila siku, na Jumatatu ile koo liliniwasha kidogo. Nilikuwa nimevaa barakoa iliyofuliwa nikimpelekea uji. Nilifikiria hewa yangu ikipita kwenye nyuzi zilizokufa. Sikupata homa. Wengine huupitisha ugonjwa bila kuupata sana, nimeisoma hiyo pia.

Siku ya tatu muuguzi mmoja alitoka kubadilisha hewa, akasimama karibu nasi. Alikuwa amevaa barakoa kama zetu. Mama, ambaye hawezi kumwona mtu amechoka bila kumpa kitu, alimwonyesha mfuko wake.

"Mwanangu, hiyo yako imeshika jasho. Nina safi hapa, nimezifua mwenyewe."

Muuguzi alicheka kwa upole. "Asante mama. Lakini hizi hazifuliwi. Zikifuliwa zimekwisha kazi, zinabaki kitambaa tu."

Akarudi ndani. Hakuwa amefanya kosa lolote. Mama alibaki ameshika mfuko magotini. Akaniuliza bila kunitazama.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Siku ileile."

"Ndiyo maana ulipanda bodaboda. Nazi zilikuwepo."

"Ndiyo."

"Baba yako anajua?"

"Anajua. Alisema nisikwambie."

Alifunga mdomo wa mfuko, fundo moja, kisha la pili.

"Ni mimi?"

Maisha yangu yote nimewadai watu jibu moja la kweli pale wasipokuwa na ushahidi, na jibu hilo ni sijui. Nimewacheka waliosema hakika na ndiyo na hapana. Niliitafuta hapana na ilikuwepo, ilikuwa inatosha, alikuwa ameshageuza uso kuipokea.

"Sijui, mama," nilisema.

"Wewe uliyesoma hujui?"

"Hakuna anayeweza kujua."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia. Kisha ikafika zamu yake ya kuingia, akaingia.

Baba alirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Ndevu zilikuwa zimeota tena, nyeupe zaidi. Alikuwa anatoka kitandani hadi mlango wa uani, anashika fremu, anapumzika, anarudi. Maneno yake yalikuja kwa vipande, mawili, matatu, pumzi, mawili. Daktari yule wa kwanza alimpiga picha nyingine. Safari hii sikumuuliza chochote.

Ndoa ilifungwa nyumbani kwetu badala ya msikitini, kwa sababu yake. Sheikh, kijana wa mtaani anayeheshimika, alikuja siku moja kabla, akamwomba kwa adabu ampe uwakala ili aozeshe kwa niaba yake. Sheria inaruhusu, alisema, wala haipunguzi kitu. Baba alikataa. Alisema kwa vipande kwamba ana mabinti wawili tu, na kwamba wa kwanza atamwozesha kwa mdomo wake. Jioni ile nilimsikia kutoka korido akijaribu sentensi yenyewe. Si ndefu. Alikuwa anafika katikati.

Siku ya ndoa wanaume walijaa sebuleni, wengine uani. Sisi wanawake tulikuwa chumbani, dada amefunikwa katikati yetu, mlango umeachwa wazi kidogo ili tusikie. Mama alikaa karibu kabisa na upenyo ule. Hakuna aliyevaa barakoa, mafua yalikuwa yameshapita mjini na watu wameshayasahau. Tulisikia hotuba, tulisikia mashahidi wakiitwa, kisha ukimya wa wakati bwana harusi anaposhikwa mkono.

"Nimekuozesha," baba alisema. Akavuta hewa. "Binti yangu."

Akavuta hewa tena, na tukaisikia ikiingia, fupi, kama maji yanapokata bombani. Tukasubiri. Mtu uani aliambiwa anyamaze. Mama alikuwa ameinamisha kichwa mlangoni na midomo yake ilikuwa inatamka maneno yaliyobaki bila sauti, mara moja, mara ya pili. Nilitaka kumwendea baba, lakini ningeenda na nini? Kwenye sebule ile kulikuwa na watu wanaokaribia hamsini wenye pumzi, na hakuna aliyeweza kumwazima.

"Mzee," tulisikia sheikh akisema chinichini. "Unanipa uwakala?"

Hatukusikia jibu. Dada alinishika mkono chini ya shela.

"Ameinua kidole," mtu mmoja alisema upande wa pili. "Ameinua, tumeona."

Basi sheikh akasafisha koo na kuianza sentensi upya, kwa uwakala aliopewa na baba wa binti. Sauti yake ilikuwa ya kijana, imejaa, haikutetemeka popote, na aliisema yote kwa pumzi moja.